Kisima cha Lomenen

Kwa miaka mitano Atabo aliniletea maji dukani Kakuma, na kwa miaka hiyo mitano sikumwuliza hata siku moja aliyatoa wapi. Kwetu Nyeri mto una maji, mtu anateka, basi. Kakuma mto ni mchanga. Tarach unapita kando ya mji, mpana kuliko uwanja wa mpira, na karibu mwaka mzima punda na malori yanaupita kama barabara. Maji yako chini, na anayeyataka sharti achimbe.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shanga kutoka mabegani hadi kidevuni, na hakuwa mtu wa kuchekacheka. Kisima chake kilichimbwa kwanza na marehemu baba yake, Lomenen, ambaye hakuacha mwana wa kiume. Kila mto ulipofurika kisima kilifukiwa, na kila ulipokauka Atabo alikichimba upya palepale, kwa mikono na kipande cha kibuyu, mpaka kikafika kina cha watu watatu. Aliyetaka kunywesha mbuzi pale alimwomba ruhusa kwanza. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua jambo moja tu: kwamba maji ya kwanza ya kila siku aliyarusha juu, akisema ni ya Akuj, ndilo jina lao la Mungu. Mimi, mlokole wa kujisifu, nilimwambia mbele ya wateja kwamba huo ni upagani. Alitua mtungi, akachukua sukari na tumbaku yake, akaenda zake.

Mwaka 1979, serikali ya Uganda ilipoanguka, bunduki zilivuka mpaka na kutapakaa kama njugu. Wavamizi wa mifugo waliokuwa wakija na mikuki sasa walikuja na risasi. Tulisikia habari za boma hili na lile, tukasali, tukaendelea kuuza unga.

Mwezi wa tano Atabo aliniletea maji yenye mchanga siku tatu mfululizo. Mume wangu alikuwa ameenda Lodwar kutafuta mzigo, na hasira zangu zote zikakosa mtu. Asubuhi ya nne nilifunga duka, nikashuka mtoni kwenda kugombana.

Yeye alikuwa chini kabisa ndani ya kisima, akiimba. Binti yake Akal, wa miaka mitano hivi, alikaa ukingoni akichunga mitungi. Niliinama nikaanza kumwaga malalamiko yangu ndani ya shimo. Sikuwa nimemaliza risasi zilipolia ng'ambo.

Wanawake wa visima vingine walitimua mbio kuelekea vichakani. Mimi niliutazama ule mchanga mpana, mweupe, usio na hata kijiti cha kujifichia. Nilimkamata Akal, nikateremka naye kisimani kwa vile vidaraja vilivyochongwa ukutani, nusu nikikanyaga, nusu nikianguka.

"Mama Duka, hapa si mahali," Atabo alisema. "Toka."

"Nyamaza. Mungu ametupa shimo, atatuficha humu. Mungu hamtupi mja wake."

Nikaanza kusali, na sauti yangu mwenyewe ikanituliza. Niliamini kweli, sikuwa naigiza. Niliona kabisa malaika wamekaa ukingoni. Risasi zililia tena, na ng'ombe walisikika wakifukuzwa, wakilia.

Ndipo Atabo akatazama miguuni pake. Aliinama akatia mkono majini. Yale maji yaliyokuwa yakifika vifundoni yalikuwa yamepanda karibu na magoti, tena baridi, tena machafu. Alibandika sikio ukutani.

"Mto inakuja," akasema.

"Mto gani? Hakuna hata wingu!"

"Mvua iko huko kwa milima. Mto inakuja. Toka."

Nilikataa. Ninalisema hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimwambia mwanamke aliyezaliwa kando ya mto ule kwamba imani yake ni haba. Nilimwambia kutoka ni kumjaribu Mungu. Atabo alimfunga mtoto mgongoni akapanda. Nilimsikia juu akimwambia Akal maneno makali ya Kiturkana, kisha vinyayo vidogo vikikimbia kuelekea upande wa mji. Nikajua kwamba nimebaki peke yangu na sala zangu. Maji yalinifika kiunoni, na ukuta ukaanza kumeguka vipande vipande.

Kichwa cha Atabo kikatokea juu. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mchana kweupe, mgongo wake wazi kwa kila mwenye bunduki.

"Leta mkono."

"Atabo, nenda. Una mtoto."

"Leta mkono, Mama Duka!"

Nilipanda vidaraja mpaka karibu naye, lakini vya juu vilikwisha kubomoka. Nilirusha mkono, akaudaka. Sasa, mimi sikuwa mwanamke mwepesi; unga wa dukani ulinikubali. Nilisikia kitu kikilia begani mwake, kama kijiti kikavu. Alipiga ukelele mmoja, lakini hakuniachia. Alinivuta mpaka tumbo langu likalala juu ya mchanga.

Tulikimbia. Wavamizi watatu walikuwa wameanza kuvuka, na risasi ziliruka mbele yetu zikirusha mchanga. Tuliufikia ukingo wa mto, tukamkuta Akal ameukumbatia mgunga. Hapo ndipo mto ulipokuja, ukinguruma, wa rangi ya matope, umebeba magogo na miiba na mbuzi mfu. Wale watatu waligeuka mbio. Walifika ng'ambo, wakasimama wakitutazama, kisha wakafuata ng'ombe walioiba. Pale palipokuwa kisima pakawa maji tu.

Krismasi ya mwaka huo nilikuwa Lodwar, na nikaombwa kutoa ushuhuda kanisani. Nilikuwa nimekwisha kuutoa mara nyingi, ulikuwa laini ulimini. Nilieleza risasi, shimo, sala. Nilisema Mungu alinitoa kisimani wakati hapakuwa na mwanadamu wa kunisaidia, akaleta gharika ikawatenga maadui nami. Watu walipiga vigelegele. Nikarudi kuketi, nimeshiba.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, nilimwona Atabo. Alikuwa amekuja Lodwar kutibiwa bega, akakawia, akahamia mtaa wa Kanamkemer kwa dada yake. Mkono wake wa kulia ulining'inia. Nilimfuata nje wimbo ulipoanza.

"Ejok, Mama Duka," akanisalimu kwa lugha yao.

"Ejok. Mkono vipi?"

"Haipandi. Naweza sukia kikapu. Kuchimba, hapana." Aliniangalia bila hasira, jambo lililoniuma kuliko hasira. "Umesema vizuri. Ni Akuj alileta maji, kweli. Lakini hukusema kisima ya nani."

Nikamwuliza neno lililonikaa moyoni tangu siku ile: "Kwa nini ulinirudia? Nilikutukana, nikakataa kutoka."

"Uliingia kisima ya baba yangu. Mtu akiingia, ni mgeni ya Lomenen mpaka atoke." Aliinua bega moja, lile lililoweza. "Sasa kisima hakuna. Mimi siwezi chimba tena. Imebaki jina tu, na wewe ndiyo unazunguka ukisema hiyo habari."

Nililia palepale, na sikujificha. Kisha nikaingia ndani. Mchungaji alikuwa amekwisha kuanza matangazo. Nilimpita nikasimama mbele bila kuitwa, kamasi na yote.

"Ndugu zangu, nilidanganya," nikasema. "Mwanadamu wa kunisaidia alikuwapo. Kisima kilikuwa cha Lomenen. Binti yake anaitwa Atabo, na nilipomwomba Mungu aniokoe ndiye aliyerudi. Mkono wake umekufa kwa ajili yangu. Amesimama pale mlangoni."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu waligeuka mmoja mmoja wakamtazama, na mzee mmoja wa Kiturkana akasimama, akalitamka jina la Lomenen kwa sauti, kama mtu aliyemfahamu.

Atabo alitikisa kichwa kukubali. Nilipomfikia akaniambia sasa imekuwa sawa, halafu akaniuliza kama nimebeba tumbaku.