Mlango wa Vipande Viwili

Fundi Randa alikuwa ametengeneza nusu ya milango ya mji, lakini uliomkosesha raha ni mlango wa nyumba ya ibada ya jamaa zake. Jamaa hao ni wachache. Dini yao ukiitaja sokoni, mtu atakuuliza kama ni dawa ya kikohozi. Sheria yao ya ndoa ni kali: siku ya harusi mlango hufungwa, na mguu wa mtu wa nje hauvuki kizingiti.

Mtu wa nje, kwa bahati mbaya, ni dada wa damu wa Randa. Aliolewa na mwanamume wa dini nyingine, jamaa wakamfuta katika dini yao. Lakini mke wa Randa alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea binti yao tangu mchanga, jamaa wote wakijifanya hawaoni. Sasa binti alikuwa anaolewa, na hakumung'unya maneno.

"Baba, shangazi asiponiona, siolewi."

Basi serikali nayo ikajitia. Msajili wa ndoa alitangaza kwamba ndoa za dini ndogondogo zitatambuliwa kama nyingine, ila zifungwe mlango ukiwa wazi ili mwenye pingamizi asikike. Kiongozi wa ibada, mzee asiyecheka hata ukimtekenya, akaja juu.

"Hawa wanataka kutuvua nguo hadharani! Heri tukose cheti."

"Na watoto watakaozaliwa, mzee wangu?" Randa akauliza. "Siku ya urithi watasemaje bila cheti?"

Mzee naye ana wajukuu.

"Mguu wa nje hauvuki," akasema mwishowe. "Hapo silegezi."

"Mguu tu, mzee?"

"Mguu!"

Randa alichukua msumeno akaukata mlango katikati, akatia bawaba mpya. Kipande cha chini kikafungwa kwa komeo, cha juu kikaachwa wazi. Afisa wa msajili alikuja kukagua, akaegemeza viwiko juu ya kipande cha chini. "Naona, nasikia. Uko wazi huu." Mzee akausukuma kwa goti. "Umefungwa huu." Kila mmoja akaondoka akijiona mshindi, na Randa hakuona sababu ya kuwasumbua kwa maelezo.

Siku ya harusi shangazi alisimama nje, ameegemea kipande cha chini, kapendeza kuliko waalikwa. Mzee alimwona, akageuza uso. Ikafika ile sehemu ya serikali, akauliza shingo upande:

"Kuna mwenye pingamizi?"

"Ninalo!" shangazi akapaza sauti.

Bwana harusi akatoka jasho.

"Shela imekaa upande! Nani kamvalisha mwanangu hivi? Mleteni hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi harusi hakungoja ruhusa, alikimbilia mlangoni. Mikono ya shangazi ikapita juu ya mbao, ikaiweka shela sawa, kisha ikamkumbatia na kukataa kumwachia. Wote wawili wakalia. Randa naye akalia, wala hakujali nani anamtazama.

Kicheko kikakatika, macho yote yakamwendea mzee. Akainama, akakitazama kizingiti polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Mguu haujavuka," akasema. "Tuendelee. Na wewe mama huko nje, ukiitikia dua paza sauti, masikio yangu yamezeeka."