Upinde wa Asukulu na Kisu Changu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono hunifa ganzi. Ni siku ambayo Mjomba Kisimba aliteremsha ubao wa mkole kutoka juu ya jiko, akaufuta masizi kwa kiganja, akapita mbele yangu nikiwa nimekwisha kunyoosha mikono, akampa Asukulu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Leo meno niliyobaki nayo yanahesabika, lakini ladha ya wivu wa asubuhi ile ningali nayo kinywani, kama mtu aliyemeza kwinini akakosa maji.

Mjomba alikuwa fundi wa pinde na mishale hapa Kalemie, nyumba yake ikitazama mto Lukuga. Wawindaji wengi walikuwa wameanza kutumia bunduki, lakini pinde hazikukosa wenyewe. Walikuja wazee wa ngoma, walikuja wanaowinda kanga porini, na walikuja watu wa machefu, watawala wetu wa jadi, maana kwetu chefu hatawazwi mikono mitupu. Siku ya kutawazwa hukabidhiwa upinde, na kabla hajaushika, fundi huuvuta mbele ya watu wote ili waone kwamba ni mzima.

Mimi nilikuwa mtoto wa dada yake. Katika ukoo wetu kazi ya mtu hairithiwi na mwanawe, hurithiwa na mtoto wa dada. Kwa hiyo tangu sijaota ndevu nilijua kwamba tezo ya Mjomba ya kuchongea pinde, ile iliyong'aa mpini kwa jasho la mafundi watatu waliomtangulia, ingekuja mkononi mwangu. Hakuna aliyeniahidi. Nilijua tu, kama mtu anavyojua jina lake.

Kisha akaja Asukulu. Alikuwa Mubembe kutoka kaskazini mwa ziwa, mwana wa wavuvi, rika langu. Alikuja kununua mishale minne, akabaki miaka miwili.

"Papa," alimwambia Mjomba kwa heshima ya baba, "mishale nimeipenda, lakini kazi yenyewe nimeipenda zaidi. Unifundishe."

Mjomba aliigeuza mikono ya yule kijana huku na huku kama mtu anayechagua mihogo, akacheka kwa furaha. Mama yangu akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilivyoona mimi, mgeni alikuwa amekuja na mwenyeji akaanza kuugua.

Sikiliza, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganyana. Watu husema wivu huja kama nyoka. Sivyo. Huja kama chawa: mdogo, kimya, na unapojikuna unadhani ni joto tu.

Mshale wa mti hunyooshwa kwa makaa. Unaupasha, unauinamisha pale ulipopinda, unafumba jicho moja kuutazama, unaupasha tena. Mimi nilinyoosha mitano kwa siku. Asukulu alianza na miwili, baada ya miezi sita akafika minane. Tulipoijaribu kwenye shina la mgomba, mishale yake ililala pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Yangu ilisimama mbalimbali kama watu waliogombana. Nikaanza kuhesabu mara ngapi Mjomba anamwambia "muzuri", na mara ngapi ananiambia mimi. Nikachukia anavyoimba nyimbo za kanisa akichonga. Siku Mama alipomwongezea sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, kwenye sahani, niliona nimeibiwa, na tumbo langu mwenyewe lilikuwa limejaa!

Sasa ule ubao. Mkole ni mti mgumu wenye nyuzi ndefu, unaopinda bila kulia. Ubao ule tuliukata mlimani mimi na Mjomba, ukakaushwa juu ya moshi wa jiko miezi minane. Ulikuwa wa upinde wa chefu mpya. Kila nilipoingia jikoni niliutazama kama mtu anavyomtazama mchumba.

"Mjomba," niliuliza siku ile, "si ule njo wa chefu?"

"Ndiyo, njo wa chefu."

"Na ni Asukulu atauchonga?"

"Chanda chema huvikwa pete, Sangwa. Wewe unyooshe mishale."

Hakusema kwa ukali. Lakini methali hiyo niliisikia kama kofi.

Asukulu alichonga wiki tatu. Aliondoa mti kidogo kidogo, akauvuta, akautazama, akaondoa tena. Aliupaka mawese hadi ukawa na rangi ya chai ya rangi. Akaufunga ngozi ya kenge pale katikati, mahali pa kushika. Siku moja aliniletea, akiniita yaya, yaani kaka, kama siku zote.

"Yaya Sangwa, uniangalizie. Huku juu kunapinda sawa na huku chini?"

Niliutazama. Ulipinda sawasawa, kama nyusi mbili za uso mmoja. Mwanangu, sijawahi kuona upinde mzuri vile, na nimechonga nyingi tangu hapo.

"Sijui," nilimjibu.

Jumapili iliyofuata Asukulu alikwenda kanisani, Mama alikwenda sokoni, Mjomba alivuka mto kwenda msibani. Nilibaki peke yangu na ule upinde, jua likiwa utosini. Sikutetemeka. Ningependa kukuambia nilitetemeka, lakini nitakuwa naongeza dhambi. Nilifungua ngozi ya kenge, nikaukata mgongo wa upinde kwa kisu, mkato mmoja usiozidi upana wa ukucha. Nikaujaza nta, ileile tunayopaka upote, kamba ya upinde, usikatike. Nikaifunga ngozi kama ilivyokuwa. Halafu nikala ugali wangu.

Nilichotaka ni kidogo, au ndivyo nilivyojiambia. Nilitaka ulie mbele ya watu. Ulie tu, Asukulu aaibike, Mjomba anigeukie na kusema: ningempa Sangwa.

Siku ya kutawazwa uwanja wa chefu ulijaa. Ngoma ziliponyamaza, Mjomba alisimama na upinde. Nilidhani angemwita Asukulu auvute. Hakumwita. Aliuvuta mwenyewe, polepole, mpaka upote ukagusa shavu lake.

Upinde haukulia. Ulikatika. Kipande cha juu kilirudi na kumpiga katika jicho la kulia.

Kelele za uwanjani sitazisimulia. Nitakuambia tu kwamba niliganda, na aliyempokea Mjomba asianguke alikuwa Asukulu. Damu ya mjomba wangu ilimwagika kwenye shati la Jumapili la Asukulu. Watu wakauliza nani ametengeneza, mtu akajibu ni yule mgeni, na neno "mkosi" likaanza kutembea kutoka mdomo huu hadi ule. Wengine walisema ametumwa amharibie chefu siku yake. Mjomba, kitambaa usoni, alipaza sauti: "Mumuache! Upinde umetoka kwangu!" Hawakumsikiliza.

Asukulu alikaa nasi siku nne tu baada ya hapo. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda cha Mjomba. "Papa, sijui nilikosea wapi. Nawaza, nawaza, sioni." Watoto wa mtaani walimrushia mawe. Siku ya tano aliacha vyombo vyake vyote vya kazi, akapanda boti kwenda Kabimba, kutafuta kazi ya kuvunja mawe ya chokaa.

Basi nikapata nilichokitaka. Baraza lote tulilochongea likawa langu. Mjomba akabaki na jicho moja, na mimi nikabaki fundi peke yangu, nikinyoosha mishale ambayo hakuna aliyekuja kuichukua. Jioni Mama aliteleka sombe ileile, nami nikashindwa kuimeza.

Ulipita mwezi. Mjomba aliniita tukae, akanipa kile kipande cha upinde uliokatika. Kumbe alikuwa amekiokota.

"Ugusaguse hapa," akasema. "Unasikia nini?"

"Nyuzi za mti, Mjomba. Zimechanika."

"Iko na meno. Muti ukivunjika wenyewe, unakuwa na meno. Sasa uguse hapa."

Niligusa. Palikuwa laini. Ncha ya kidole changu ikaingia nta.

"Hapa haina meno," alisema. "Na Asukulu hapakagi nta katika mugongo wa upinde. Muntu gani anapaka nta hapo?"

Nikauliza swali la kipumbavu kuliko yote: "Ulijua lini?"

"Siku ile ile, nikiwa ningali na damu usoni. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe, hata Asukulu nikamuacha aende, na hilo ni kosa langu. Jicho limekauka, wewe bado."

Nikaanguka miguuni pake. Hakuniinua. Akaendelea, sauti yake ya chini, kana kwamba anazungumza na mtu mwingine.

"Ule upinde ulikuwa wa kumuaga Asukulu. Alitaka kurudi kwa baba yake, nikasema arudi na jina, watu waseme huyu alimuchongea chefu. Na siku ile, mbele ya watu wote, nilikuwa nitakupa wewe tezo. Mama yako alijua. Chefu alijua. Wewe peke yako ndiye hukujua, kwa sababu nilitaka ufurahi."

Sitakudanganya, basi sikia na hili. Hata pale chini, uso wangu ukiwa mavumbini, moyo wangu ulinong'ona: kama ulikuwa wa kumuaga tu, mbona ulikuwa mzuri vile? Hivyo ndivyo wivu ulivyo. Unaweza kupewa kila kitu nao ukaendelea kuhesabu sahani ya mwenzako.

Mjomba alinituma Kabimba. Nilimkuta Asukulu mweupe kwa vumbi la mawe, mikono imepasuka. Nilimwambia yote, tangu chawa wa kwanza hadi nta. Nilitegemea anipige, na ningefurahi kupigwa. Aliketi juu ya jiwe, akaitazama mikono yake.

"Mwezi muzima," alisema, "nilikuwa naiogopa hii mikono. Nilisema iko na kitu kibaya ndani, imemutoboa Papa jicho. Hata sahani niliogopa kushika."

"Unisamehe, ndugu yangu."

"Umesema mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Mimi si ndiye niliyeitwa mkosi? Nenda useme pale waliponiita hivyo. Kisha nitasikia kama nimekusamehe."

Nilirudi nikaomba watu waitwe katika uwanja ule ule. Chefu aliketi, Mjomba aliketi na jicho lake moja, nami nikasema. Mama yangu alijifunika uso kwa kitenge. Mzee mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Hakuna aliyenigusa. Chefu alisema maneno mawili tu: Asukulu arudi auchonge mwingine, na mkono wangu usitengeneze tena kitu chochote kitakachoshikwa na chefu.

Asukulu alirudi. Aliuchonga mwingine, sikuruhusiwa kuukaribia. Ulivutwa na haukukatika. Kabla hajapanda boti kurudi kwao alinipa mkono barazani, akasema, "Yaya, nimesikia."

Miaka saba Mjomba alinipa kazi moja tu: kunyoosha mishale. Yeye hakuweza tena, maana jicho lililobaki lilichoka haraka. Nilikuwa jicho lake la pili. Tezo alinipa alipokuwa mgonjwa wa mwisho, bila sherehe, mbele ya Mama peke yake. Leo vijana wa vikundi vya utamaduni wanakuja kujifunza kurusha mishale kama mababu, wazungu wa makumbusho wananipiga picha, pinde zangu zimetundikwa kwenye kuta za mbali. Machefu wametawazwa wengi hapa. Hakuna hata mmoja aliyeshika upinde wangu, na sijawahi kuomba. Nikisikia watu wakisifu mishale ya wanafunzi wa Asukulu huko kaskazini, kitu hunichoma hapa kifuani, hata sasa, mzee mzima. Tofauti ni kwamba nakijua jina, na nakitaja kwa sauti: "Sangwa, huo ni wivu." Mke wangu hucheka, nacho hupungua.

Basi chukua hili, mwanangu. Utaona wivu, usijidanganye kwamba wewe ni tofauti. Kuuona si dhambi, dhambi ni kuulisha kimya. Kazi ya mwenzako ikikupendeza, msifu kwa mdomo siku hiyo hiyo, hata kama ulimi ni mzito, kwa sababu sifa uliyomnyima itatafuta njia nyingine ya kutoka, na pengine itatokea mkononi. Akikuuliza kama kazi yake ni sawa na unajua ni sawa, usiseme hujui. Mimi nilianza kumkata Asukulu kwa neno hilo, kabla ya kisu. Usihesabu anachopewa mwingine, maana hujui wewe umewekewa nini. Na ukiwa umekwisha kumdhuru mtu, usingoje kuulizwa. Sema, tena usemee pale jina lake lilipochafuliwa, si pembeni unapoona raha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilichimba akaingia mjomba wangu, na mtu asiye na kosa akafuata.

Mungu akupe mikono ya kazi na macho mawili ya kuitazama kazi ya wenzako bila kuumia. Rafiki akikupita, akupite ukimshangilia. Wewe ukimpita, asikuogope. Na siku ukikosea, Mungu akupe mtu wa kukungoja, na akupe wewe miguu ya kumwendea kabla hajachoka kungoja. Amina, mwanangu.