Sumaku ya Mzee Simkoko na Bastola ya Klabu

Mzee Ferdinand Simkoko hakuwahi kununua kitu bila kukigombeza kwanza. Ana duka la vifaa vya ujenzi pale Tunduma, mtaa wa pili kutoka mpakani, na shingoni amevaa sumaku nene iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Mletee kufuli, sumaku inatoka ndani ya shati. Mletee bawaba, sumaku inatoka. Isiponasa anasema "Awe!", ile hapana ya wateja wake wa Zambia, na mjadala unakuwa umekwisha. Siku mwanawe Jastin anamwoa Atupele, mzee aliigusisha hata pete ikiwa bado kwenye kiganja cha msimamizi. Haikunasa, maana dhahabu hainasi. Mzee akaitikia kwa kichwa, na mchungaji, aliyekuwa amesimama mdomo wazi, akaendelea na ibada.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa kuchagua ng'ombe.

Ilikuwa hivi. Atupele ni Mndali wa Isongole, amelelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha adabu za zamani bila kupunguza hata chembe: mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, wala hapishani naye kwenye njia nyembamba. Baba mkwe akitaka kusemeshwa, atoe ng'ombe. Wenzake wengi wa rika lake walishaachana na mambo hayo, lakini Atupele aliyashika, na mzee naye akasema sawa, ng'ombe atatoka, ila awe ng'ombe wa maana. Kosa likawa hapo. Wa kwanza aliyeletewa alikuwa na mkia mfupi. Wa pili kwato zake zilimtia mashaka. Mwingine alilia kama honi ya lori, na mwingine, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, alimtazama vibaya. Awe, awe, awe. Miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa, na Atupele alikuwa hajamwambia mkwewe hata shikamoo.

Nyumbani maneno yalipitia kwa Roda, mke wa mzee. "Mama, mwambie baba chakula kiko tayari," Atupele alisema, na baba amekaa palepale na kijiko mkononi. Roda asipokuwepo, maneno yalipitia kwa paka. "We paka, chai ya baba inapoa." Mzee naye alijibu hukohuko. "Paka, waambie huko jikoni sukari haitoshi." Paka wa nyumba ile alikuwa na habari nyingi kuliko balozi wa nyumba kumi.

Dukani mzee alilicheka jambo hilo na wenzake, lakini moyoni lilimuuma. Alimsikia Atupele jikoni akimchekesha Roda, akiwasimulia watoto hadithi mpaka wanagaragara, na yeye yalimfikia makombo tu. Alitaka kuitwa baba, na aliyemwita awe anamtazama.

"Utazikwa huyu binti hajakusemesha," Roda alimwambia. "Chagua ng'ombe, mume wangu. Humuoi."

"Nikimpa ng'ombe mbovu atanisemesha maneno mabovu," mzee alijibu, na kweli aliamini hivyo.

Sasa, kabla ya kuolewa Atupele alikuwa mwalimu wa shabaha jeshini. Kule Vwawa kuna watu walioanzisha klabu ya kulenga shabaha kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, yenye ukuta wa mwamba nyuma, wakamwomba awe msimamizi wa uwanja. Mzee Simkoko alikuwa mwanachama wa klabu hiyohiyo, mlengaji wa wastani na mlalamikaji wa daraja la kwanza. Wanachama walikuwa wamechoka kupokezana bastola moja kuukuu. Walitaka ya pili, ya mazoezi tu, isiyo ghali, ila wakaapa kwamba ya fremu ya plastiki hawaitaki. Muuzaji mwenye leseni akaja na moja ya fremu ya metali, inayojipakia risasi yenyewe, pamoja na vibali vyake vyote.

"Anayejua vyuma hapa ni Mzee Simkoko," alisema Gibson, katibu wa klabu, mkulima wa kahawa kutoka Ihanda. "Akikubali tunanunua. Akikataa inarudi leo leo."

Basi Jumamosi asubuhi mzee akasimama kwenye meza ya kufyatulia. Nyuma yake alisimama Atupele, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi ili macho yasije yakakutana. Katikati yao alisimama Gibson, ambaye kwa siku hiyo ndiye aliyekuwa paka.

Mzee akaipima bastola kiganjani. "Nzito," akasema, akasikitika kidogo kwamba hajapata kosa. Akaivuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, akaiachia, akaisikiliza kama anavyosikiliza bawaba. Akaingiza magazini tupu, lile kasha la risasi, akaitoa, akaiingiza tena. Haikukwama. Akapitisha ukucha kwenye kingo zote. Akainusa. Mwisho akaitoa sumaku. Juu, kwenye slaidi, ikanasa tap! Chini, kwenye fremu, ikateleza na kuanguka.

"Awe!" akapiga kelele. "Juu bastola, chini sufuria!"

"Mwambie baba," Atupele akamwambia Gibson, "fremu ni ya aluminiamu iliyochanganywa na metali nyingine. Ni imara, ila sumaku haiwezi kuinasa."

"Mzee, anasema ni aluminiamu, ni imara."

"Mwambie hata sufuria za Roda ni aluminiamu, na zote zimebonyea."

"Anasema sufuria..."

"Nimesikia," alisema Atupele. "Mwambie baba uzito huo ndio utakaoizuia isiruke mkononi. Afyatue kwanza, ahukumu baadaye."

Wote wakavaa viziba masikio, na kazi ya Gibson ikawa ngumu, maana ilibidi apokee maneno kwa kelele na kuyatoa kwa kelele. Risasi za kwanza zilikwenda chini kushoto, zote. Mzee akasema bastola imepinda.

"Mwambie baba ananyakua triga!"

"MZEE, UNANYAKUA TRIGA!"

"Mimi sijanyakua kitu cha mtu!"

"ANASEMA HAJANYAKUA CHA MTU!"

"Mwambie aibane polepole, kama anavyobonyeza parachichi sokoni!"

Parachichi mzee alilielewa, maana sokoni hubonyeza yote na kununua moja. Akabana polepole. Bastola ikatulia kiganjani, na risasi ikatoboa karatasi karibu kabisa na katikati. Mzee akasisimka, akainama mbele aone vizuri. Sumaku, ambayo alikuwa hajairudisha ndani ya shati, ikaning'inia, ikayumba, ikanasa ubavuni mwa slaidi.

Sasa alikuwa amefungwa shingo na bastola yenye risasi. Alipovuta bastola, shingo ilikuja. Alipovuta shingo, bastola ilikuja.

"Gibson!" akaita. "Hii kitu imenikamata!" Na akageuka mwili mzima kumtafuta Gibson.

Mdomo wa bastola ukazunguka naye. Ukapita kwa muuzaji, ukapita kwenye viti vya wanachama. Watu wazima wenye heshima zao, mmoja wao mzee wa kanisa, wakalala chini kwenye kokoto. Muuzaji akaingia chini ya meza na mkoba wake. Gibson, aliyekuwa njia pekee ya maneno, alikuwa kifudifudi, mikono kichwani, anasali kwa Kinyiha. Hapakuwa na wa kumwambia amwambie baba. Hata paka hakuwepo.

"BABA! SIMAMA HAPO! GEUKA MBELE! KIDOLE NJE YA TRIGA!"

Mzee akageuka mbele. Kidole kikatoka. Atupele akafika macho makavu, akamshika mkwewe kiganja, kile ambacho hajawahi kukigusa hata kwa salamu, akauelekeza mdomo wa bastola kwenye mwamba. Akatoa magazini. Akaibandua sumaku, akavuta slaidi, risasi iliyobaki ikaruka nje.

"Iko salama," akatangaza. Hapo ndipo alipogundua kwamba anamtazama baba mkwe usoni.

Akashusha kofia, akakimbilia nyuma ya lundo la kokoto, akakaa huko analia. Ng'ombe hajatoka, na yeye ameshamfokea baba mkwe mbele ya watu.

Mzee alibaki amesimama mikono mitupu. Wenzake waliinuka, wakajikung'uta, wakaanza kumtafutia maneno ya kumpoza, maana walidhani amekasirika. Hawakujua kwamba amefurahi. Ameitwa baba, kwa sauti iliyopenya viziba masikio, na safari hii haikutumwa kwa mtu.

"Gibson," akasema, "kamwambie mkwe wangu asilie. Halafu bastola inunuliwe."

"Lakini mzee, bado hujamaliza kui..."

"Inunuliwe!"

Akaivua sumaku na kamba yake, akaisukumiza mfukoni mwa Gibson, asiitake tena siku hiyo.

Wakati wa kurudi Tunduma kwenye pikapu ya Gibson, Atupele akiwa ameshatangulia kwa basi, walipofika Ihanda, mzee akaamuru gari lisimame kwa mtu wa kwanza waliyemkuta anaswaga ng'ombe barabarani. Hakumfungua ng'ombe mdomo. Hakuinua mkia, hakukagua kwato, hata bei hakuigombeza, mpaka mwenye ng'ombe akaingiwa na wasiwasi.

"Mzee," Gibson akaanza, "huyu ng'ombe mbona..."

"Nyamaza. Pakia."

Jioni, uani, Roda alisimama na wajukuu, na paka juu ya ndoo. Atupele akaitwa. Akatoka na kitenge kichwani, macho chini, akijua anaitwa kwa kesi.

"Roda, mwambie..." mzee akaanza, akakatiza. Akamgeukia mwenyewe. "Atupele. Huyu ni wako. Nimekuchelewesha sana, mwanangu."

Atupele akamzunguka ng'ombe polepole, akafika upande wa kushoto, akainama, akatazama kwa muda. Akainuka. Akateremsha kitenge mabegani, akamtazama mzee usoni.

"Asante, baba. Lakini huyu ng'ombe ana jicho moja."

Roda akajiziba mdomo. Wajukuu wakakimbilia upande wa kushoto kuhakikisha.

"Sijasikia vizuri," mzee akasema, machozi yakimlengalenga. "Rudia."

"Baba, ng'ombe ana jicho moja."

"Tena."