Fimbo ya Chui

Fundi wa ghorofa ya chini, hapa kwetu mjini Plovdiv, kucha zake hazikosi rangi za kazi ya jana. Hutandaza karatasi laini ya nakshi juu ya maji ya vuguvugu, huinyunyizia dawa hadi ibaki rangi tupu inayoelea kama utando wa maziwa, kisha huzamisha kofia ya pikipiki taratibu ili nakshi iishike, pumzi ameibana. Bibi Zdravka wa ghorofa ya juu, aliyevunjika nyonga na kujifungia ndani tangu majira ya baridi, alimrushia fimbo ya hospitali kutoka dirishani.

“Sitoki na kitu cha wagonjwa! Nitilie madoa ya chui!”

“Chui, bibi, kwa umri huo?”

“Ndiyo, waniogope sokoni!”

Leo asubuhi alishuka ngazi na chui wake, hatua moja moja, fundi akimtazama kutoka mlangoni, pumzi ameibana vilevile. Alipofika barabarani aligeuka.

“Pumua, mwanangu. Sokoni ni mbali!”