Fumbo la Gazeti Nililojaza Wajukuu

Sitaficha, maana Nyaramba yote inajua. Shule niliiacha darasa la tatu, na chai yangu imesomesha watoto sita. Lakini kila asubuhi kwenye kituo cha kupimia majani chai, tukingoja lori, nilifungua gazeti nikajaza lile fumbo la maneno ya Kiingereza. Wakulima walininyamazia kwa heshima. Juzi wakataka niwe mwenyekiti, niwe nawasomea barua za kiwanda. Nikakubali, mimi bure kabisa! Usingizi ukanihama.

Siku ya kupiga kura nikaja na gazeti kama kawaida. Mwalimu Kemunto, aliyestaafu, akaliokota mapajani mwangu.

“Leo wanataka maneno ya herufi tano, yenye O na A,” akasema, kisha akasoma majibu yangu kwa sauti. “Moraa. Mokua. Obara. Omogaka, mzee wetu, hawa si wajukuu wako?”

Nami nikahisi nafuu, kama nimetuliwa kikapu cha majani mabichi mgongoni.

“Wajukuu ni wawili, mwalimu,” nikamjibu. “Obara ni fahali. Hicho kiti chukua wewe.”