Tumbawe la Baba

Baba yangu alikuwa mwashi. Ujana wake wote alijenga kwa matumbawe, yale mawe meupe ya baharini, kabla tofali la saruji halijamnyang'anya kazi. Uzeeni presha ya macho ikamla jicho la kushoto, na daktari akasema la kulia nalo haliko mbali. Tuliporudi kutoka hospitali alikaa barazani, akasema, "Tumbawe nimelichonga maisha yangu yote, mwanangu. Sijawahi kuliona likiwa hai."

Nikamwambia ataliona. Mimi nikishasema, basi. Kuvunja yaliyo hai kwenye miamba yetu ni marufuku, na baba hakuwa mtu wa kuzamia. Lakini ilikuwa miaka ya soko huria, Kariakoo hakuna kisichopatikana, na mtaa wa nyuma walikuwa wamefungua intaneti kafe. Huko nikayakuta: vipande viwili vya matumbawe vilivyooteshwa kwenye matangi Ulaya, vinauzwa kwa watu wanaofuga samaki wa mapambo. Binamu yangu aliyeko huko akanilipia kwa kadi.

Mwenye kafe alicheka mpaka akakohoa. "Dada, Feri ile pale, wewe unaagiza mawe ya bahari kwa ndege?"

"Hayakuhusu," nikamjibu. "Wewe niprintie maelekezo."

Maelekezo yenyewe yalikuwa vitisho vitupu. Yasipate joto, hewa isikatike majini, maji yasiyo na chumvi yasiyaguse kabisa. Fundi vioo wa Gerezani akanitengenezea tangi. Maji nilisomba kwa madumu kutoka pwani ya mbali, maana ya Feri yamejaa mafuta na damu ya samaki.

Boksi likafika mchana wa jua kali. Nililipakata njia nzima kutoka uwanja wa ndege kama mtoto mwenye homa. Nikaiweka ile mifuko miwili ya plastiki yenye matumbawe ielee juu ya maji ya tangi, ipate joto moja nayo, halafu nikaanza kuongeza maji ya tangi ndani yake kwa kikombe, kidogo kidogo. Hapo umeme ukakatika. Pampu ya hewa ikanyamaza. Niliogopa kweli.

"Baba, usiguse kitu," nikasema, nikakimbilia kwa jirani yetu Mhindi, muuza vitambaa, kuazima jenereta.

Niliporudi nalikokota, baba alikuwa amechuchumaa uani. Mbele yake beseni la maji ya bomba, na ndani yake tumbawe moja.

"Mfuko ulitoboka, mama, likawa linakauka," alisema. "Nimelilowesha. Jiwe kavu halishiki chokaa."

Mtaa mzima unaujua mdomo wangu. Niliufungua. Nikaona lile jicho lake moja linavyonitazama, limefurahi kwamba bado ana kazi ya kunisaidia, nikaufunga.

"Ahsante, baba," nikasema.

Nililitenga lile kwenye bakuli lisiharibu maji. Nyama yake ikabanduka, ikatoka utelezi. La pili nikaliweka tangini, likajifunga, kahawia kama kipande cha sukari guru. Kila asubuhi baba alisogeza kiti, akabandika jicho kwenye kioo. "Bado?" niliuliza. "Bado." Alianza kupapasa ukuta akienda msalani, nami nikaacha kulala vizuri. Nilijua lile tumbawe linakimbizana na jicho lake.

Asubuhi moja akaniita. Nilimkuta anacheka peke yake. Kila tundu la lile tumbawe lilikuwa limetoa vidole vidogo vya kijani, vinacheza kwenye maji.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kumbe ni mnyama."

Alitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. "Niletee na lile nililolilowesha mimi."

Nilijaribu kumpoza, nikasema bado linapumzika. Akarudia kuomba. Nikamletea. Lilikuwa limebaki jeupe, kavu, jepesi. Akalipitisha kidole gumba, taratibu, kila upande, kama alivyokuwa akikagua mawe kazini.

"Hili nalijua," alisema. "Hili ndilo tulilokuwa tunajengea."

Akarudi kwenye kioo, akatazama vile vidole vya kijani, halafu akalitazama lililo mkononi.

"Kwa hiyo nimeliua mimi."