Kikombe Kimoja cha Maji

Fundi wa nyufa haanzi na ngazi. Huizunguka nyumba polepole, akigonga plasta kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, na panapolia kama ngoma huguna, "Mm," akachora duara kwa chaki. Siku hiyo mwenye nyumba alimfuata nyuma nyuma, roho mkononi. Mabati walishabadilisha mara mbili, na bado ukuta wa chumbani ulikuwa unaota ukungu. Mama mkwe wake alishikilia kwamba ni uvivu wake wa kutofungua madirisha. Chini ya dirisha la chumba hicho fundi alisimama, akaupapasa ukingo wake kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto.

"Ukingo huu umelalia ndani, dada. Hebu nipe kikombe cha maji."

Akayamwaga kidogo kidogo ukingoni. Nje halikudondoka hata tone. Wakasubiri. Mara mama mkwe akapaza sauti kutoka chumbani: "Jamani! Ukutani yanatoka maji!"

"Mm," akaguna fundi, akachora duara la mwisho, kubwa kuliko yote.

"Mama," mwenye nyumba akauliza dirishani, "na huo nao ni uvivu wangu?"

 Ndani kikapasuka kigelegele cha mama mkwe: "Umenishinda, mwanangu!"